Mkilua wa Edani

Mwanamke akitoka edani huogeshwa, hufukizwa udi, huvishwa nguo ya rangi, na majirani huja kumtazama utadhani ndiyo kwanza wamemwona. Ndivyo mambo yalivyo Tibirinzi, na ndivyo yalivyo Pemba nzima. Mardhiya hakuogeshwa na mtu. Asubuhi ile alijitekea maji mwenyewe, akaoga, akalitoa sandukuni dera lake la kijani, akalivaa, kisha akatoka ukumbini akitaraji kumkuta mavyaa wake, mama wa mumewe, na chetezo kinachofuka. Chetezo kilikuwa pembeni, hakina hata kaa moja la moto. Bi Mwanawema mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, amempa mgongo, na panga amelilaza mapajani.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwanawema hakuitikia. Sasa nyie mnaojua adabu za watu wa huku, niambieni: mama mtu mzima, mcha Mungu, kuiacha shikamoo ya mkaza mwana wake ikaanguka chini hivi hivi, hilo ni jambo dogo?

"Mama, kuna nini?"

"N'ambie weye kuna nini," alisema bila kugeuka. "Nti ule pale ukutani, kauleta nani?"

Mardhiya hakuuliza mti gani.

Nyuma ya nyumba ile pana kiwanja, nacho ni kidogo, ukitandika mikeka sita kimekwisha. Kulia ukuta wa jirani, kushoto ukuta wa jirani, nyuma kichochoro. Mardhiya alipoletwa biharusi kutoka Wambaa alikikuta ni jaa: vifuu, makopo, magunia yaliyooza na tairi la gari ambalo hakuna aliyejua limetoka wapi. Wiki ya kwanza alisimama mlangoni pale pale akamuuliza mumewe, "Nassor, ndege wa huku wanakwenda wapi?" Nassor alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa seremala, mtoto wa mjini, ndege kwake ni kuku. Lakini alikuwa anampenda mkewe, wallahi alikuwa anampenda, na Ijumaa iliyofuata aliporudi msikitini alivua kanzu akashika jembe.

Walizoa taka pamoja. Walipanda mrihani na mchaichai, wakapanda mpapai na mpera, na ukutani wakapandisha mtambaa wenye maua mekundu marefu ili chozi, wale ndege wadogo wa kunyonya maua, wapate riziki. Walizika beseni kuukuu mpaka shingoni, wakalitia maji na mawe, ili nyuki akitaka kunywa apate pa kusimama asizame. Papai za juu kabisa hawakuziangua, zilikuwa haki ya ndege shorwe mchana na ya popo usiku. Gogo la mnazi walililaza chini likaoza taratibu, na majani yaliyoanguka hawakuyafagia. Hapo ndipo Bi Mwanawema alipokuja juu. "Uwanja usiofagiwa ni wa mwanamke mvivu!" alisema, na jirani yao Bimkubwa, ambaye Mungu kamjaalia ulimi, alichungulia juu ya ukuta akapiga yowe: "Lo! Nsitu wa Ngezi umehamia Tibirinzi! Mwaka ujao mtafuga tumbili!"

Walicheka wote. Siku zile nyumba ile ilikuwa na kicheko.

Kisha msimu wa karafuu Nassor akaenda kuwasaidia watu wa ukoo kuchuma. Mkarafuu ni mti wa hadaa, tawi lake huvunjika bila kutoa hata mlio. Walimrudisha jioni wamemfunika shuka. Aliyekuwa amempakata kichwa njia nzima ni Fahmi, sahibu yake tangu chuo cha Kurani, kijana wa Makangale aliyelelewa mjini, anayefanya kazi kwenye kitalu cha miche karibu na msitu. Mardhiya akaingia edani, na katika siku zile zote za kukaa ndani, mbingu aliyoiona ni ile iliyokuwa juu ya kiwanja kile.

"Nakuuliza tena," Bi Mwanawema alisema. "Kauleta nani?"

"Fahmi, mama. Kama alivyoileta mingine."

"Mingine niliipokea mie kwa mkono wangu. Huu sikuupokea. Niliukuta ushapandwa, nikasema haya, nti ni nti. Mie macho yangu hayaoni vyema, majani yote kwangu ni majani. Lakini pua n'nayo! Jana Bimkubwa kaingia humu, hata hajakaa, kanuka juu, kanuka chini, kan'ambia, 'Bi Mwanawema, mbona nyumba ya eda yanukia kama chumba cha biharusi?' Mie nikakosa pa kuuweka uso."

Mardhiya aliinamisha kichwa. Harufu ilikuwapo hata sasa, imejaa uani, imeingia mpaka ukumbini. Maua ya mkilua hayana sura, ni vijiua vya manjano visivyojitangaza, lakini moja likifunguka mtaa unajua. Na hakuna mtoto wa Kipemba asiyejua kilua ni ua la nani. Ni ua la kifuani kwa biharusi. Mwanamume akimpelekea mwanamke kilua, hana haja ya kutuma salamu nyingine. Naye mwanamke wa edani, jamani, hata sabuni ya kunukia haguswi nayo.

"Ntu kala nyumbani mwangu tangu hana meno ya mbele," Bi Mwanawema aliendelea. "Sahani moja na mwanangu. Kisha mwanangu hajaoza kaburini, yuno yuampelekea mkewe kilua! Edani! Kukuposa edani, Mardhiya! Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea."

"Hakuniposa, mama."

"Kafanya nini basi? Kilua ni dawa ya presha?"

Neno lilikuwa pale pale ulimini mwa Mardhiya. Alijua akilisema, mama huyu hatamwita mwanangu tena, na Mardhiya hana mama mwengine. Wazazi wake walikufa yungali mdogo, akalelewa na shangazi mwenye watoto wengi na mapenzi machache. Aliyemfundisha kukuna nazi bila kujikwaruza, aliyemkanda mgongo alipoharibikiwa na mimba, ni huyu aliyempa mgongo. Basi akanyamaza. Alimwacha Fahmi ahukumiwe peke yake.

Maana ukweli ni huu, na msomaji nakwambia weye kwanza. Fahmi alikuwa na desturi, akishuka mjini na gari la kitalu, hupita kichochoroni akatua mche juu ya ukuta, akabisha, Bi Mwanawema akautwaa, basi. Siku moja katikati ya eda Bi Mwanawema alikuwa amekwenda kupimwa presha. Fahmi akabisha. Mardhiya akaitika upande wa ndani, hamwoni wala haonekani.

"Mama hayupo," alisema.

"Basi nautua hapa juu, akija atautwaa." Kisha baada ya kitambo: "Safari ijayo niwaletee nini?"

Majibu mepesi yalikuwa tele. Angesema mlimau, angesema mkomamanga. Lakini alikuwa hajaulizwa anataka nini na kiumbe yeyote tangu siku ya msiba, na swali lile lilimkuta hana ngao.

"Niletee mkilua."

Gari lilipita barabarani, likatokomea.

"Mkilua, Mardhiya?"

"Si mwenyewe ulisema vipepeo wanaupenda?"

"Wanaupenda," Fahmi alijibu polepole. "Hutaga mayai kwenye majani yake."

"Basi."

"Haya. Nitauleta."

Akauleta, mche mkubwa uliokwisha shika, ndani ya dumu lililokatwa, na vichwa vya maua vimo tayari. Mardhiya aliupanda kwa mikono yake. Vipepeo walikuja, hilo si uongo, walikuja weusi wenye mabaka ya kijani wakatagia. Lakini usiku alipolala, Mardhiya hakuwa akiwaza vipepeo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Sauti ilitokea mlango wa mbele. Wote wawili waliijua.

"Mfungulie," Bi Mwanawema alisema. "Kaja mwenyewe. Mfungulie aje anitazame machoni."

Mardhiya alikwenda kufungua. Fahmi alikuwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kiua, amenyoa, na mikono mitupu haijui ikae wapi. Miezi yote ile hawakuonana. Alikuwa amekonda. Macho yao yalikutana mara moja tu. Mardhiya alitamani asimame vile mpaka jua lizame, amwangalie yule mtu basi, asifanye jingine lolote. Badala yake alisema kwa sauti ya chini:

"Mama kajua. Rudi, Fahmi. Njoo siku nyingine."

"Kajua nini?"

"Mkilua."

"Siwezi kurudi," Fahmi alisema. "Nikirudi sasa nitakuwa nimekukimbia." Akavua viatu, akaingia.

Alimsalimia Bi Mwanawema kwa kuinama, na salamu yake nayo haikupokelewa. Bibi alimtazama kuanzia kofia mpaka vidole vya miguu.

"Kaa."

Akakaa chini sakafuni.

"Nti ule umeuleta weye?"

"Mie, mama."

"Waujua nti gani?"

"Naujua. Mkilua."

"Na nyumba hii wajua mlikuwa na nini?"

"Eda."

"Basi n'ambie. Miti imejaa kitaluni kwenu, kwa nini mkilua?"

Fahmi alimtupia Mardhiya jicho, kisha akaangalia sakafu. Mardhiya alikuwa amesimama kando ya mlango, ameuma mdomo. Alijua Fahmi anaweza kujiokoa kwa maneno matatu tu: mwenyewe ndiye aliyeutaka. Alingoja ayasikie.

"Makosa ni yangu, mama," Fahmi alisema. "Mtu wa miti mie, nilipaswa kujua mti gani huingia wapi. Sikufikiri. Nisamehe."

"Hukufikiri!" Bi Mwanawema alisimama. Alikuwa mwembamba, presha na msiba vilikuwa vimemla, lakini panga alilishika barabara. "Ntu aliyempakata mwanangu akifa, hakufikiri! Haya, mie nitafikiri kwa niaba yenu. Naukata. Nikimaliza huu naikata yote, nafagia uwanja wangu uwe mweupe kama wa watu wengine. Weye toka nyumbani mwangu. Na huyu, kama yuakutaka, mfuate leo hii hii."

Akashuka uani. Shorwe waliruka kutoka mpapaini, kinyonga aliyekuwa juu ya mtambaa akajikaza tuli. Bi Mwanawema alipita kando ya beseni, akakanyaga majani makavu, akafika ukutani, akainua mkono.

Mardhiya hakujua alifikaje. Alijikuta amesimama mbele ya mti, mgongo umegusa majani, na panga liko juu ya uso wake.

"Mie ndiye niliyeutaka!"

"Ondoka!"

"Mie, mama! Si yeye. Aliniuliza aniletee nini, nikamwambia mkilua. Akauliza mara mbili kama kwamba hakusikia. Nikamwambia vipepeo. Nilimdanganya na nafsi yangu nikaidanganya, lakini nilijua. Nilijua mti gani na ua la nini."

"Mardhiya," Fahmi aliita kutoka mlangoni, "inatosha."

"Haitoshi! Ulitaka kuibeba peke yako, na mie nikakuacha uibebe. Haitoshi." Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. "Mama, nilikaa mle ndani, kila aingiaye ananiambia subira. Subira, Mardhiya, subira. Nikawa sijui kama ningali hai au nilizikwa naye. Kisha mtu akaniuliza nataka nini. Nilitaka kitu kinukie, mama. Nilitaka ajue kwamba humu ndani mna mtu. Hakuniposa. Mie ndiye niliyemwita."

Panga liliteremka taratibu.

"Na mwanangu?" Bi Mwanawema aliuliza.

"Nassor nampenda mpaka leo."

"Wampenda! Na harufu hii?"

"Nampenda, na Fahmi namtaka. Yote mawili yamo, mama. Ningekuwa na pa kulitoa moja ningelitoa."

Hapo Bi Mwanawema alifanya jambo ambalo Mardhiya hakulitaraji. Alikaa. Alikaa pale pale juu ya gogo la mnazi, tena bila kulitafuta kwa mkono wala kwa jicho, kwa uzoefu wa mtu aliyekaa hapo mara nyingi.

"Weye ulipewa eda," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Miezi minne na siku kumi. Ukaambiwa kaa, usishike kazi, usitoke, lia, mwenyewe yuko na msiba. Watu wakaingia kwa adabu, wakasema kwa sauti ya chini. Mie nilipewa siku tatu. Siku tatu, Mardhiya! Ya nne wamekunja mikeka, wamekwenda zao. Wakan'ambia Bi Mwanawema shukuru Mungu, mwangalie mkaza mwana, masikini yuko edani. Nikakupikia uji. Nikakufulia. Nikawafungulia mlango wanaokuja kukupa pole weye. Mwanangu nimemzaa mie, nimemnyonyesha mie, kisha kwenye msiba wake nikawa mpishi!"

"Mama..."

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wanasema tu, hawajui wanachokisema. N'natoka alfajiri, nyie mwadhani nakwenda kuwafungulia kuku. Nakuja kukaa hapa. Ndege wale wakianza makelele yao, hakuna anisikiaye. Ndipo nimlilie kidogo, nijipanguse, niingie kuteleka chai." Alimwinulia Mardhiya uso. "Leo weye umetoka. Umevaa kijani. Na mie, mwanangu? Mie natoka lini?"

Mardhiya alikuwa akiusikia mlango wa uani ukifunguliwa kila alfajiri. Alikuwa akijigeuza upande wa pili na kulala. Mwanamke huyu alikuwa amemtilia maji ya kuoga na kumnyoshea mto, na yeye hakumuuliza hata siku moja: na weye, mama, umelalaje?

Alipiga magoti kwenye majani. Alilitwaa panga kutoka mkono ule, nao haukubisha, akalisukuma kando. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akamgeukia Fahmi.

"Ulikuja kusema nini leo?"

"Nilikuja kumwomba mama ruhusa. Niwalete wazee wangu."

Mardhiya alifumba macho. Neno lile alikuwa amelisubiri, alikuwa amelilalia na kuliamkia, na sasa lilikuwa limefika mpaka uani kwake.

"Usiwalete," alisema.

"Mardhiya!"

"Mama hajakaa eda yake. Ataikaa sasa, na mie nitakaa naye. Sisemi eda ya kitabu, kitabu kishasema na hatukishindi. Nasema ya kwetu, sisi wawili. Nitapika mie. Nitafua mie. Akija mtu nitampokea mie, nimwambie mwenye msiba yuko ndani, nenda kampe pole. Akitaka kulia alie mchana, asingoje ndege."

"Sitaki sadaka ya ntu," Bi Mwanawema alisema, lakini mkono wake ulikuwa umekwisha mshika mkaza mwana wake bega.

"Si sadaka, mama. Ni zamu yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo, nikakaa mie. Hata dera hili kama linakuumiza nalivua."

"Livae." Bibi aligusa ukingo wa ile nguo ya kijani. "Kalinunua yeye. Kanionyesha mie kabla ya kukuonyesha weye."

Fahmi alikuwa bado amesimama mlangoni. Kofia alikuwa ameivua na kuikunja mkononi mpaka imepoteza umbo.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka atakapotoka mwenyewe."

"Ikiwa mwaka?"

"Ndio mwaka."

"Ikizidi?"

"Fahmi." Alimtazama sawasawa, bila kujificha, mara ya kwanza tangu wajuane. Aliyatazama macho yale na midomo ile na vidole vile vyenye udongo usiotoka hata kwa sabuni, na akajilazimisha kusema. "Kama huwezi, niambie hapa hapa. Sitakulaumu, wala sitakuapiza. Makangale mna wasichana wazuri, na mama yako anataka wajukuu. Lakini mie sitaolewa nikamwacha mtu analia gizani kwa ajili yangu. Nikitoka hapa leo, nitakuwa nawe huku nasikia mlango ule kila alfajiri."

Fahmi alipojibu, hakuremba.

"Mie napanda mivule, Mardhiya. Wanaokuja kukaa kivulini mwake ni wajukuu wa watu. Mtu wa kazi ile, kungoja hafundishwi. Nitangoja. Miche nitaendelea kuileta, kama mama ataniruhusu. Nitabisha, nitatua, nitakwenda. Sitauliza neno."

"Usiulize," Mardhiya alisema. "Ukiuliza nitakujibu."

Akaangalia pembeni haraka, maana uso wake ulikuwa hausemi alichokuwa anakisema mdomo. Alitaka kumkimbilia. Mkono wa Bi Mwanawema ulikuwa begani mwake, mwepesi, hauzuii chochote, na kwa hiyo hakuweza kujitoa.

Fahmi alivaa kofia yake iliyokunjamana. Alimwinamia bibi kwa mbali, akageuka. Walimsikia akipita ukumbini, wakamsikia akitafuta viatu.

"Fahmi!" Bi Mwanawema aliita.

Hatua zikasimama. "Naam, mama."

"Siku ukiwaleta wazee wako, usiwapitishe Wambaa kwa shangazi yake. Waje hapa. Waje wan'ombe mie. Huyu mama yake ni mie."

Kisha sauti ikajibu, nzito, ya mtu aliyeshikwa na kwikwi: "Inshallah, mama." Mlango ukafungwa.

Mardhiya hakwenda dirishani kumtazama anavyokwenda. Alijisogeza juu ya gogo, akakaa ubavuni mwa Bi Mwanawema, akamzungushia mkono. Bibi alijaribu kusema kitu kuhusu chai, kwamba hawajanywa chai, kwamba jiko bado halijawashwa.

"Nitateleka mie," Mardhiya alimwambia. "Weye lia."

Na yule mama, aliyekuwa amewapikia waombolezaji na kuwaoshea vyombo bila kutoa sauti, akaweka kichwa kifuani kwa mkaza mwana wake akamlilia mwanawe, mchana kweupe, na mtaa mzima unasikia.